Mashoto wa Pampa: Maisha ya Atahualpa Yupanqui

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wa Kidato cha Tatu walikuwa na hakika kwamba nitamchukua Shaaban Robert au Fadhili William. Hao ni wetu na heshima yao ipo pale pale. Lakini mimi nimekwenda mbali kidogo, mpaka Argentina, kumtafuta mzee mmoja mpiga gitaa ambaye nadhani wengi wenu hamjapata hata kulisikia jina lake. Msinune. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ni mkono huu ninaoshikia kalamu.

Mimi ni mashoto. Wanaoketi karibu nami darasani wanajua, maana viwiko vyetu hugongana kila tunapoandika insha. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu mmoja alinifunga mkono wa kushoto kwa leso nyuma ya kiti ili nijifunze kuandika kama watu wengine. Nyanya yangu, Mungu amlaze pema, hakupokea kitu chochote nilichompa kwa mkono huo. Hata kama ni kikombe cha maji angekitazama tu, kimya, mpaka nibadilishe mkono. Nyanya simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Kwa miaka mitatu niliandika kwa mkono wa kulia, mwandiko wangu ukawa kama nyayo za kuku juu ya tope, kisha nikaurudia wa kushoto polepole na hakuna aliyesema neno.

Gitaa ndilo lililonishinda. Chama cha muziki cha shule kina gitaa moja tu, na nyuzi zake zimefungwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Siku ya kwanza nilipolishika upande wangu, jamaa walicheka mpaka machozi, wakasema nimelishika kama jembe. Nikalirudisha ukutani. Tangu siku hiyo nikajiambia kwamba gitaa si la watu kama sisi.

Basi likizo ya Agosti nilikwenda kwa binamu yangu, Mombasa. Kazi yake ni kutengeneza simu, na mapenzi yake ni muziki wa roki, tena si roki ya juzi wala jana, bali ile ya magitaa mazito na ngoma ndefu ndefu ambayo shangazi husema inamtia kichefuchefu. Kibandani pake aliweka wimbo mmoja uitwao El arriero, wa bendi ya Divididos kutoka Argentina. Gitaa la umeme lilikuwa likinguruma polepole kama lori linalopanda mlima, lakini sauti ya mwimbaji, bwana wee, ilikuwa ni ya mtu anayeswaga ng'ombe jioni, peke yake. Nilimuuliza binamu wimbo huu ni wa nani. Akasema ni wa Divididos. Tulipotazama vizuri kumbe mtungaji ni mtu mwingine, Atahualpa Yupanqui. Binamu akamtafuta kwenye simu, ikatokea picha ya mzee mwenye uso mpana, kimya kama jiwe, amekumbatia gitaa. Shingo ya gitaa ilielekea upande usiofaa. Nilidhani picha imegeuzwa.

Haikugeuzwa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Héctor Roberto Chavero. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1908 huko Campo de la Cruz, karibu na mji wa Pergamino katika mkoa wa Buenos Aires. Hiyo ndiyo nchi ya pampa, yaani tambarare ya nyasi isiyo na mwisho, nchi ya ng'ombe na farasi na wachungaji wanaoitwa gaucho. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na damu yake ilichanganyika na ya Wakechua, wenyeji wa asili, waliokuwa pale kabla Mhispania hajatia mguu. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Kibaski. Kwa hiyo nyumbani mwao walikuwamo waliovamia na waliovamiwa, wote wakila meza moja. Naona jambo hili linaeleza mengi yaliyofuata.

Mtoto alianza na fidla, akifundishwa na padri wa pale kijijini. Kisha akasikia gitaa. Mwalimu wake wa gitaa aliitwa Bautista Almirón, naye aliishi mji wa Junín, kama kilomita 16 kutoka kwao. Kijana alizikata kilomita hizo juu ya farasi, kwenda na kurudi. Sisi hapa tukiambiwa twende ukumbini kwa mazoezi saa kumi jioni tunasema ni mbali! Almirón alimfundisha muziki wa mabingwa wa Ulaya, akina Bach na Albéniz na Tárrega. Wakati huo huo kijana alikuwa akiwasikiliza wachungaji na vibarua wa mashamba wakiimba milonga zao baada ya kazi. Masomo yenyewe hayakukamilika, fedha hazikutosha na safari zilikuwa nyingi, lakini vitu hivyo viwili, Bach na mchungaji, havikutoka kichwani mwake tena.

Mwaka 1917 familia ilisafiri hadi Tucumán, kaskazini. Huko ni nchi nyingine kabisa. Kuna milima, mashamba ya miwa, na ngoma iitwayo bombo, iliyochongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi yenye manyoya yake. Ati mlio wake husikika umbali wa kilomita tano ukipigwa kondeni. Kuna zamba, ngoma ya taratibu ambayo wachezaji hupunga leso. Kuna baguala, wimbo wa milimani wenye noti tatu tu, na mwimbaji hujipigia kigoma kidogo. Noti tatu! Mimi nilijaribu kuimba kitu chenye noti tatu bafuni nikaona ni kazi ngumu kuliko nyimbo zenye noti ishirini, maana hakuna pa kujificha. Mtoto wa miaka tisa alirudi kutoka Tucumán akiwa ameshikwa, na maisha yake yote alikuwa akirudi huko.

Akiwa bado mwanafunzi alianza kutia sahihi maandishi yake kwa jina Atahualpa, na baadaye akaongeza Yupanqui. Hayo ni majina ya wafalme wa Wainka. Atahualpa ndiye mfalme aliyeuawa na Wahispania huko Cajamarca mwaka 1533. Fikirini, mtoto wa shule anajipa jina la mfalme aliyeuawa na mababu wa walimu wake. Kwa watu wengi huo ungekuwa utundu wa ujana unaoisha baada ya muhula mmoja. Yeye alilibeba mpaka kufa, na wengi leo hawajui kwamba aliwahi kuitwa Héctor.

Baba yake alifariki mapema, na mzigo wa nyumba ukamwangukia kijana. Alifanya kazi za kila namna. Alipanga herufi kiwandani mwa uchapishaji, akaandikia magazeti, akafundisha shule bila kusomea ualimu, akatembea na nyumbu wa mizigo milimani. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alitunga Camino del indio, wimbo kuhusu njia nyembamba ya milimani ambayo Wahindi wa kule waliipita kwa karne nyingi. Wimbo huo ukawa kama sala ya wenyeji waliosahauliwa.

Naomba sasa mnisikilize vizuri, maana hapa maisha yake yanaanza kuwa na miiba. Mwaka 1930 jeshi la Argentina liliipindua serikali iliyochaguliwa na watu. Mwezi wa Januari 1932 ndugu watatu wa ukoo wa Kennedy walianzisha uasi katika mji wa La Paz, mkoa wa Entre Ríos, na Yupanqui akajiunga nao. Uasi ulishindwa mara moja. Ilimbidi akimbilie Uruguay, na hakurudi kwao mpaka mwaka 1934. Aliporudi alipanda kaskazini tena, akatembea mabonde na milima kwa miguu na kwa nyumbu, akikusanya nyimbo kwa watu ambao hawakujua kusoma. Baadaye sana, mwaka 1965, alichapisha kitabu kiitwacho El canto del viento. Humo alisimulia kwamba upepo huzunguka dunia na mfuko, ukiokota kila wimbo na kila hadithi, na mfuko ukijaa mno vipande vingine hudondoka njiani. Kazi ya mwimbaji ni kuviokota vipande hivyo na kuurudishia upepo mali yake. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Inanipendeza kwamba hakujiita mtungaji, alijiita mwokotaji.

Mwaka 1945 alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Mwaka uliofuata Juan Perón akawa rais, na serikali yake haikuwapenda watu wa chama hicho. Nyimbo za Yupanqui zilipigwa marufuku redioni, maonyesho yake yakafutwa, na yeye mwenyewe akakamatwa na kutiwa ndani si mara moja wala mbili. Ikumbukwe kwamba Perón huyo huyo alipendwa sana na wafanyakazi wa Argentina, kwa sababu aliwapa haki ambazo hawakuwa nazo. Mambo ya dunia si rangi mbili tu. Lakini mpiga gitaa wetu aliyaona yaliyokuwa upande wa nyuma.

Katika moja ya vifungo hivyo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, walinzi waliweka taipureta juu ya mkono wake wa kulia, kisha mtu mmoja akaikalia na kuirukiarukia. Taipureta za siku hizo zilikuwa chuma kitupu. Kidole chake cha shahada kilivunjika. Walikusudia kuumaliza mkono wa mpiga gitaa asipige tena.

Kumbe hawakujua kwamba ni mashoto.

Niliposoma hapo, nilisimama. Nilikwenda nje nikazunguka kibanda cha binamu mara mbili. Mkono ule ambao sisi tunafungwa leso, mkono ambao nyanya hakutaka umpe maji, ndio uliosalimika kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa maana anaweza kuutumia. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukichezea nyuzi na kutoa sauti. Lakini msidhani basi kwamba alitoka salama, la hasha. Mashoto hubana nyuzi kwa mkono wa kulia, na kidole cha shahada ndicho kinacholala juu ya nyuzi zote kama nondo. Kidole hicho hakikurudi kuwa kama zamani. Alieleza kwamba kulikuwa na mikao fulani ya vidole ambayo ilimsumbua maisha yake yote, na ilimbidi aitafutie njia nyingine za kuzunguka. Binamu yangu, anayejua gitaa, ananiambia ukisikiliza santuri zake za uzeeni utasikia jinsi anavyoacha nafasi kati ya noti. Mimi sijui kama nafasi hizo ni za kidole au ni za mlima. Labda ni zote mbili.

Mwaka 1949 alipata kuondoka, akaenda Ulaya. Huko Paris, mshairi Paul Éluard alimjulisha kwa Édith Piaf, mwimbaji aliyekuwa malkia wa Ufaransa nzima wakati ule, na mwaka 1950 Piaf akamwita apande jukwaa lake. Mtu aliyekuwa hawezi kupigwa redioni kwao sasa akapigiwa makofi Paris. Alitia mkataba na kampuni ya santuri ya Le Chant du Monde, na santuri yake ikapata tuzo ya Chuo cha Charles Cros. Alitembea nchi nyingi za Ulaya. Lakini moyo ulikuwa nyumbani. Mwaka 1952 alirudi Argentina, akaachana na Chama cha Kikomunisti, na milango ya redio ikaanza kufunguka tena kidogo kidogo. Wapo waliomlaumu kwa kuondoka chamani, na wapo waliomlaumu kwa kuwa aliwahi kuingia. Mtu hawezi kushinda kesi kama hiyo.

Sasa nimtaje mtu ambaye karibu kila anayeandika habari za Yupanqui humpitia mbio. Mke wake, Antoinette Paule Pepin Fitzpatrick, aliyejulikana kama Nenette, alikuwa mpiga piano. Alizaliwa katika visiwa vya Ufaransa viitwavyo Saint-Pierre et Miquelon, kule karibu na Kanada. Tazameni nyimbo za Yupanqui, kama El alazán na Chacarera de las piedras, na mtaona jina la mtungaji mwenzake ni Pablo del Cerro. Huyo Pablo hakuwa mwanamume. Alikuwa Nenette. Muziki wa gaucho ulikuwa mali ya wanaume, na mwanamke, tena mgeni, asingesikilizwa kwa urahisi, ndiyo maana akavaa jina la kiume kama mtu anayevaa koti la kaka yake. Sehemu ya muziki ambao Argentina nzima huuona kuwa ni wa udongo wake ilitungwa na mama aliyezaliwa kisiwani Atlantiki Kaskazini. Wasichana wa chama chetu, habari hii nimewaandikia ninyi hasa.

Walijenga nyumba Cerro Colorado, mkoa wa Córdoba, penye miamba myekundu iliyochorwa na wenyeji wa kale. Hapo ndipo alipopaita kwake.

Wapenzi wa Kiswahili pia wana fungu lao katika hadithi hii. Ile milonga niliyoitaja juu, muziki wa tambarare aliolelewa nao, wataalamu wengi husema jina lake limetoka Afrika, katika lugha ya Kimbundu ya Angola, ambako mulonga ni neno na milonga ni maneno. Lilifika Amerika ya Kusini pamoja na watu waliouzwa utumwani. Sasa fungueni kamusi zenu za Kiswahili mtazame kitenzi kulonga. Ni kusema, kuzungumza. Nilipomwonyesha mwalimu wangu wa Kiswahili alicheka kwa furaha, akasema Wabantu tumefika mbali. Yupanqui mwenyewe alipenda kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto mweusi ambaye mama yake yuko shambani kazini, Duerme negrito, alioupata upande wa mpaka wa Venezuela na Kolombia. Wimbo huo ulipoimbwa na Mercedes Sosa, mwimbaji mkuu wa Tucumán, ulizunguka dunia.

Turudi kwenye roki, maana huko ndiko nilikoanzia. Miaka ya mwisho ya 1960 vijana wa Buenos Aires walianza kupiga roki kwa lugha yao ya Kihispania, badala ya kuiga Kiingereza wasichokielewa. Los Gatos walifungua njia mwaka 1967 na wimbo wao La balsa. Wakafuata Almendra, wakafuata Vox Dei. Mara wengine wakajiuliza: kama tunaimba lugha yetu, mbona tunapiga ngoma za Liverpool? Bendi ya Arco Iris, iliyoongozwa na kijana Gustavo Santaolalla, ilichukua ngoma ya bombo, filimbi za Andes na chacarera, ikavichanganya na gitaa la umeme. Mwaka 1972 walitoa santuri mbili pamoja, Sudamérica o el regreso a la aurora, hadithi nzima iliyoimbwa mwanzo hadi mwisho. Wazee wa muziki wa asili walisema vijana wameharibu, na vijana wa roki wakasema wenzao wamezeeka. Si mnaujua ugomvi huo? Kila mwaka tunausikia kwenye mkutano wa kuchagua nyimbo za tamasha la muziki.

Santaolalla huyo ndiye aliyepata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wa filamu, mwaka 2006 na 2007. Na wale wa bweni letu wanaojidai mabingwa wa michezo ya kompyuta, ule muziki wa gitaa la huzuni katika The Last of Us ni wake. Kwa hiyo mmekuwa mkiisikiliza Argentina bila kujua.

Mwaka 1976 jeshi lilitwaa serikali tena, na safari hii halikuvunja vidole tu. Watu walichukuliwa usiku na hawakuonekana tena. Tume iliyoundwa baadaye iliandika majina ya watu 8,961 waliopotea, na vyama vya haki za binadamu husema walifika 30,000. Yupanqui wakati huo alikuwa akikaa zaidi Paris, akifanya ziara mpaka Japani, alikokwenda mara ya kwanza mwaka 1964. Mercedes Sosa, aliyetoa santuri nzima ya nyimbo za Yupanqui mwaka 1977, alikamatwa katikati ya onyesho akalazimika kukimbia nchi. Aliporudi Februari 1982 na kuimba katika ukumbi wa Teatro Ópera, Buenos Aires, hakupanda na watu wa muziki wa asili pekee. Aliwaita vijana wa roki, akina León Gieco na Charly García, wakasimama naye. Wazee na vijana waliokuwa wakigombana miaka kumi iliyotangulia walijikuta upande mmoja, kwa sababu mwenye bunduki aliwachukia wote sawasawa. Miezi miwili baadaye vita na Uingereza vilianza kule visiwa vya Malvinas, serikali ikazuia nyimbo za Kiingereza redioni, na nafasi yote ikachukuliwa na roki ya nyumbani. Jeshi lilijipalia makaa lenyewe.

Gieco na Santaolalla kisha walisafiri nchi nzima, kutoka ncha ya kusini hadi mpaka wa kaskazini, wakiwarekodi wapigaji wa vijijini pale pale walipokaa. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1985 kwa jina De Ushuaia a La Quiaca. Nikiifikiria naona ni ule mfuko wa upepo, ila safari hii una nyaya na kanda.

Yupanqui mwenyewe hakubadilika. Watu walijaa ukumbini, yeye akaingia amevaa suti nyeusi, akaketi, akapiga gitaa lake la mbao bila bendi, bila taa za rangi. Mwaka 1986 Ufaransa ilimpa nishani ya sanaa. Mwaka 1990 Nenette alifariki. Miaka miwili baadaye mzee alikwenda mji wa Nîmes, Ufaransa, kupiga gitaa, akiwa na miaka 84. Aliugua huko huko na akafa tarehe 23 Mei 1992. Majivu yake yalirudishwa Cerro Colorado, yakazikwa chini ya mti wa mwaloni karibu na nyumba yake.

Mwaka uliofuata, 1993, Divididos waliingia studio, na aliyewasimamia alikuwa Santaolalla yule yule. Wakaurekodi El arriero, wimbo wa yule mswagaji anayetembeza ng'ombe wasio wake. Vijana ambao hawakuwahi kupanda farasi waliuimba kwenye viwanja vya mpira. Katika mji wa Cosquín, ambako tamasha kubwa la muziki wa asili hufanyika tangu 1961, jukwaa limeitwa kwa jina la Atahualpa Yupanqui tangu 1972, na mwaka 2001 tamasha la roki likaanzishwa katika uwanja ule ule.

Niliporudi shuleni muhula wa tatu nilimwendea mwalimu mlezi wa chama cha muziki, nikamwomba ruhusa ya kugeuza nyuzi za gitaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari za taipureta na zote. Kisha akanikumbusha kwamba gitaa ni moja na wapigaji wa mkono wa kulia ni saba. Sikuwa na jibu. Lakini wiki mbili baadaye binamu alinitumia kwa matatu gitaa kuukuu lililopasuka ubavu, amelibandika kwa gundi ya mbao. Nimegundua kwamba kugeuza nyuzi si kuzifungua na kuzifunga tu. Kile kipande cheupe cha juu ya shingo kina vijia, na kijia cha uzi mwembamba hakiupokei uzi mnene. Nimekichonga kwa tupa ndogo ya karakana kwa siku tatu, usiku baada ya prepu. Jumamosi nilifunga nyuzi tano vizuri. Wa sita ulikatika nikiukaza, na sasa namngoja yeyote anayekwenda mjini aniletee mwingine.